Mama aliyempita mumewe kwa kura Utah mwaka 1896, na yaliyomkuta baada ya hapo

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tumebishana wiki nzima. Nimesikia kuna mama huko Marekani enzi hizo aligombea useneta wa jimbo akamgaragaza mume wake mwenyewe, na huyo mume alikua na wake wengine kibao. Mume wangu anasema hiyo ni chumvi tupu. Je ni kweli? Waliachana? Na kuna la maana alilofanya huko bungeni au ilikua ni sifa tu ya kua mwanamke wa kwanza?

Jibu: Marahaba dada yangu. Mwambie shemeji ni kweli, ila na yeye mpe nusu ya pointi maana chumvi kidogo ipo. Mama mwenyewe anaitwa Martha Hughes Cannon, wengi walimwita Mattie, daktari wa Salt Lake City kwenye jimbo la Utah, na tarehe 3 Novemba 1896 alichaguliwa kuingia seneti ya Utah, yaani baraza la juu la bunge la jimbo, akawa mwanamke wa kwanza Marekani nzima kua seneta wa jimbo. Mume wake Angus Cannon alikua kwenye karatasi hiyohiyo ya kura kwa tiketi ya chama cha Republican, Mattie yeye chama pinzani cha Democrat. Mama alipata kura zaidi ya 11,000, mzee hakufika 9,000.

Sasa chumvi iko wapi. Watu wanasimulia kama vile walisimama wawili tu, mke huku mume kule, anayeshinda anachukua kiti. Haikua hivo. Kaunti ya Salt Lake ilikua na viti 5 vya kujaza kwa pamoja, kila chama kikaweka watu wake, na watano wenye kura nyingi ndo wanapita, kwaiyo kwa hesabu hiyo mke na mume wangeweza kabisa kupita wote wakaenda kukaa ukumbi mmoja. Kilichomwangusha mzee sio mkewe, ni upepo wa mwaka ule. William Jennings Bryan wa Democrats alikua anagombea urais kwa ahadi kwamba serikali itatengeneza sarafu za madini ya fedha (silver) kwa wingi, na Utah ni nchi ya migodi ya madini hayo, unategemea nini hapo, Bryan alizoa zaidi ya asilimia 80 ya kura za jimbo lile. Democrats wote watano wa useneta wakapita, Republican wote chali. Na kati ya hao Republican walioanguka kulikua na mwanamke mwingine, Emmeline B. Wells, mpiganaji mkongwe wa haki ya wanawake kupiga kura na mhariri wa gazeti la wanawake la Woman's Exponent, lakini yeye hakuna anayemtaja maana hana kisa cha kuchekesha cha mume.

Aliyekoleza hiyo stori ni gazeti la Salt Lake Herald ambalo lilikua upande wa Democrats. Kabla ya uchaguzi liliandika kwamba Bwana Cannon sio mtu mbaya, ila mkewe ndo mwanaume bora kati ya hao wawili, basi mama apelekwe seneti na baba abaki nyumbani kuangalia shughuli za nyumbani. Watu wakacheka, ikasambaa, na mpaka leo ndo hiyo inayokufikia wewe.

Ila dada mimi naona hicho kipande cha mume na mke ndo chepesi kuliko vyote kwenye maisha ya huyu mama. Ukitaka kumwelewa anza na ndoa yenyewe, kwa sababu kila alipopiga hatua serikali au kanisa vilikua tayari vimeshaingia mpaka chumbani kwake.

Mattie alizaliwa 1857 karibu na Llandudno, Wales. Wazazi wake waliingia kwenye kanisa la Wamormoni, dhehebu la Marekani ambalo enzi hizo lilifundisha mitala, wakavuka bahari, alafu 1861 wakakata nyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kwenda Utah ambako Wamormoni walikua wanakusanyika. Mdogo wake wa kike akafia njiani. Baba yake alifika Salt Lake City yuko hoi, siku chache tu akafariki. Mama akaolewa tena, na baba wa kambo, mzee Paul, kwa kweli alimlea vizuri yule binti, mpaka Mattie akawa anatumia jina lake.

Akiwa na miaka 14 alishakua anafundisha shule. Baadae akaingia kazi ya kupanga herufi gazetini, ile ya kuokota herufi za chuma mojamoja kwenye kisanduku unazipanga kinyumenyume mstari kwa mstari, kwanza kwenye Deseret News alafu kwenye hilohilo Woman's Exponent, na kwa sababu wahamiaji kutoka Skandinavia walikua wengi Utah alijifunza kupanga hata maandishi ya kwao. Hela akawa anaweka. Mchana kazini, masomo ya kemia chuo cha Deseret, buti za kiume mguuni kwa ajili ya matope, nywele kakata fupi asipoteze muda kuzisuka. 1878 akamaliza, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kusomea udaktari, huko akawa anaosha vyombo na kutandika vitanda kwenye nyumba ya wapangaji ili alipe ada. Udaktari aliupata tarehe 1 Julai 1880, siku aliyofikisha miaka 23. Hakuishia hapo, akaenda Philadelphia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye darasa la watu 75 hivi mwanamke ni yeye peke yake, na huko huko akasomea pia shahada ya kuhutubia, kupaza sauti na kupangilia hoja. Daktari gani anasomea kuhutubia? Alitaka kupanda jukwaani kuelimisha watu kuhusu afya, na hiyo shahada ilikuja kumlipa.

Aliporudi 1882 akapewa kazi Deseret Hospital, hospitali iliyoanzishwa na kina mama wa kanisa. Kwenye bodi ya hospitali ndo alikuepo Angus Cannon, kiongozi mkubwa wa kanisa pale Salt Lake, mdogo wa George Q. Cannon ambaye alikua karibu na kilele kabisa cha kanisa. Mzee alimzidi Mattie miaka 23 na alikua na wake watatu, wawili wa kwanza ni dada wa tumbo moja na aliwaoa siku moja, jambo ambalo hata wenzetu Waislamu wanaoruhusu wake wanne haliwezi kupita kwao. Oktoba 1884 Mattie akaolewa wa nne, kwa siri.

Kwanini siri, hapa ndo pa kushika vizuri. 1882 Bunge la Washington lilipitisha sheria kali dhidi ya mitala, ya kwamba hata ukishindwa kuthibitishiwa ndoa, kule kuishi na wanawake zaidi ya mmoja tu ni kosa, miezi 6 jela na faini ya dola 300. Mapolisi wa serikali kuu wakawa wanazunguka Utah usiku kucha wanatafuta wake wa pili na wa tatu. Angus alikua kati ya wa mwanzo kukamatwa, 1885, akafungwa, na kesi yake ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kule Washington akashindwa. Mattie kipindi hicho ana mimba. Na tatizo lake lilikua mara mbili ya wake wengine, maana ukiacha kwamba mimba yake ni ushahidi dhidi ya mume wake, yeye ni daktari anayezalisha, anajua mtoto wa nani kazaliwa lini na mama gani, kwaiyo waendesha mashtaka walimtaka aje mahakamani ataje baba za watoto aliowapokea kwa mikono yake. Akikubali anafunga waume za wagonjwa wake, akikataa anafungwa yeye.

Akakimbia. 1886, na mtoto mchanga mgongoni, akaenda Uingereza, akawa anaishi kwa majina ya bandia karibu miaka miwili, mtoto anaumwa mara kwa mara, hela zenyewe za kusubiri zitumwe, barua anaandika kwa mafumbo zisije zikadakwa. Alimwandikia rafiki yake kwamba bora awe mgeni ugenini lakini kichwa juu mbele za watu kuliko kua mateka wa kunyatanyata nyumbani kwao. Na mzee kwenye miaka hiyohiyo, badala ya kutulia, akaongeza wake wengine wawili. Soma barua za Mattie za kipindi hicho utamwona mwanamke anayeamini kabisa mitala ni amri ya dini yake na wakati huohuo wivu unamla, na wala hafichi.

Alirudi, akafungua kliniki, na 1889 akaanzisha shule ya kufundisha manesi. Sasa siasa.

Utah ina historia ya ajabu kidogo kuhusu kura za wanawake. Walianza kupiga kura 1870, miaka 50 kabla ya nchi nzima, na wapinzani wa Wamormoni waliunga mkono mwanzoni wakiamini kwamba wanawake wakipewa kura wataipiga mitala chini. Wapi. Wanawake wakapigia kura viongozi walewale wa kanisa. Basi 1887 Washington ikatunga sheria nyingine ikawanyang'anya kura wanawake wote wa Utah, mwenye mitala na asiye na mitala, hata ambao hawajaolewa. Kwa Mattie na wenzake ilikua ni kunyang'anywa kitu walichokitumia miaka 17. 1890 kanisa likatangaza kuacha kufungisha ndoa mpya za mitala, njia ya Utah kua jimbo kamili ikafunguka, na kwenye mkutano wa kutunga katiba 1895 ukazuka mjadala mkali wa kama wanawake warudishiwe kura. Mpinzani mkubwa wa kura hiyo alikua B. H. Roberts, Democrat, kiongozi wa kanisa, mzungumzaji hatari, mshike huyo jina maana atarudi. Akashindwa. Utah ikawa jimbo tarehe 4 Januari 1896, wanawake wana kura na wana haki ya kugombea, na miezi 10 baadae Mattie yuko kwenye karatasi.

Baada ya kushinda waandishi wa miji mikubwa walimfuata kama wameona kiroja. Gazeti moja la San Francisco lilimhoji kuhusu mitala, na akajibu bila kupepesa macho, kwamba mke wa mitala sio mtumwa kama mke wa peke yake, mume akiwa na wake wanne basi kila mwezi wewe una wiki tatu za uhuru wako. Alafu akaongeza kwamba mwanamke anayewaza kitu zaidi ya majiko na beseni za kufulia na nguo za kichanga ndo anayekua mama bora, mara tisa kati ya kumi. Wanaojua mambo ya zamu watacheka hapo. Mimi ninavyomsoma, hiyo ya wiki tatu ni nusu utani nusu ngao, maana yule aliyelia kwenye barua za Uingereza na huyu anayetamba gazetini ni mtu mmoja.

Umeuliza kama kuna la maana alilofanya. Lipo, na la haraka. Seneti ilikua na watu 18, yeye mwanamke peke yake, na ndani ya mwezi wa kwanza, mwanzoni mwa 1897, alishaweka mezani miswada mitatu. Mmoja ulikua wa watoto viziwi na wasioona kwamba lazima wapelekwe shule, mzazi asimfiche ndani. Wa pili unawahusu wanawake na wasichana walioajiriwa. Huu ni mdogo ila naupenda kuliko yote. Wasichana wa madukani walikua wanasimama toka asubuhi mpaka kufunga, mteja awepo asiwepo, kukaa ni utovu wa adabu, na yeye kwa macho ya daktari alikua anawaona wakija na miguu imevimba na migongo mibovu. Sheria yake ikamlazimisha mwajiri aweke viti na amruhusu mfanyakazi akae pale anapokua hana mteja. Kiti tu! Lakini jaribu kua muuza duka wa 1897 kwa saa zote hizo uniambie.

Wa tatu ndo mkubwa, kuanzisha Bodi ya Afya ya jimbo. Utah haikua na chombo chochote cha jimbo zima cha kuhesabu magonjwa, kukagua maji, kufatilia mifereji ya taka, kuzuia maambukizi, kila mji ulikua unahangaika kivyake. Ukapita, na gavana Heber Wells akamteua Mattie awe mjumbe. Humo akapambana na maji machafu na maziwa machafu, na shule zilizokua zinatumia kikombe kimoja cha kunywea watoto wote.

Ugomvi mkubwa ukawa chanjo ya ndui. Ndui ilipozuka pale kuelekea 1900 bodi ikaamua mtoto asiyechanjwa asiingie shule, wazazi wakawaka, gazeti la kanisa likapinga, na 1901 wabunge wakatunga sheria ya kukataza kulazimisha chanjo. Gavana akagoma kusaini, wakampita juu wakaipitisha hivohivo. Ukifikiri kelele za chanjo zilianza na korona, hapana, na daktari Mattie alikua upande wa chanjo wakati watu wa dini yake wengi wako upande wa pili.

Kati ya vikao viwili vya bunge, Februari 1898, alikwenda Washington kwenye mkutano mkuu wa wanawake wanaodai kura, akaongea na mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, kueleza kwamba Utah wanawake wanapiga kura na mbingu haijaanguka. Hapo ile shahada ya kuhutubia ikafanya kazi.

Alafu ikaja 1899. Kikao cha pili anaingia bungeni akiwa na mimba kubwa tu, na bado akapitisha sheria nyingine, ikiwemo ya kufundisha shuleni madhara ya pombe na madawa. Aprili, bunge limeshafungwa, akajifungua Gwendolyn, mtoto wake wa tatu. Kwenye nyumba nyingine ingekua sherehe, lakini hesabu ilikua wazi, kanisa liliahidi kuacha mitala 1890, Utah ikapewa ujimbo kwa ahadi hiyo, na huyu hapa seneta mwenyewe amezaa na mume mwenye wake sita. Na muda ulikua mbaya kuliko kawaida, kwa sababu nchi nzima ilikua inachemka kuhusu B. H. Roberts, yuleyule aliyetaka wanawake wasipige kura, ambaye 1898 alichaguliwa kwenda Bunge la Washington na yeye ana wake watatu, sahihi za mamilioni zikakusanywa kumkataa na Januari 1900 wakamnyima kiti kweli. Katikati ya moto huo mtoto wa seneta wa kike ni petroli. Angus akashtakiwa, akakiri, akapigwa faini ya dola 100, maisha yakaendelea, bado mzee wa kanisa anayeheshimika. Mattie hakurudi tena kwenye uchaguzi. Kosa moja la watu wawili, mmoja kalipa dola 100 na mwingine kalipa siasa yake yote.

Waliachana? Talaka hapana. Lakini kuishi pamoja kama unavoelewa wewe nyumba moja meza moja, hawakuwahi. Kuna barua aliyomwandikia mzee akilalamika kwamba ameishiwa kabisa, anakopa kulipa madeni ya zamani, na anajisikiaje yeye akikutana nae barabarani mchana kweupe anamtembeza mke mwingine kwenye gari la farasi linalong'aa. Kumbe zile wiki tatu za uhuru zilikua na bili yake. Aliendelea kwenye Bodi ya Afya kwa muda na kwenye bodi ya shule ya viziwi, alafu akahamia California na watoto, Angus akafariki 1915, na Mattie akafanya kazi za kliniki Los Angeles mpaka uzeeni. Alifariki huko tarehe 10 Julai 1932, akarudishwa kuzikwa Salt Lake City. Alimwagiza mwanae wa kiume achome shajara zake zote na kijana akatii, kwaiyo tunachokijua cha ndani kinatoka zaidi kwenye barua walizotunza wengine.

Utah ilikaa kimya muda mrefu. 1986 jengo la idara ya afya ya jimbo likapewa jina lake, ikafata sanamu bungeni kwao, na 2018 wakapiga kura sanamu yake ipelekwe Washington kwenye jengo la Bunge ambako kila jimbo linaruhusiwa sanamu mbili tu, ikachukua nafasi ya Philo Farnsworth, mmoja wa wagunduzi wa televisheni. Wanaomtetea Farnsworth walinung'unika kidogo. Ilizinduliwa Desemba 2024.

Jambo moja kabla shemeji hajakubana, usije ukasema alikua mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bunge la jimbo. Colorado walishaweka wanawake watatu kwenye baraza lao la wawakilishi 1894, na siku ileile ya Mattie Utah ilichagua wanawake wawili kwenye baraza la chini, Eurithe LaBarthe na Sarah Anderson. Wa kwanza alikua kwa upande wa seneti. Na kwa kulinganisha angalia magavana: Nellie Tayloe Ross aliingia ugavana wa Wyoming 1925 kujaza nafasi ya marehemu mumewe, Miriam Ferguson wa Texas mwaka huohuo baada ya mume wake kuondolewa na kuzuiwa kugombea, Lurleen Wallace wa Alabama 1966 kwa sababu mume wake alikua amemaliza muda wake kikatiba. Gavana mwanamke aliyepita bila kubebwa na jina la mume alikuja kupatikana 1974, Ella Grasso wa Connecticut, miaka 78 baada ya Mattie kupita huku mume wake yuko chama cha upande wa pili.